Guangzhou: kwa nini ujumbe mmoja hujibiwa na mwingine hupita kimya

Katika mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, kusini mwa China, jioni ni wakati wa simu. Maduka ya jumla yakishafunga milango, wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bukavu huketi katika migahawa iliyo karibu na jengo la Tianxiu na kupitia picha walizopiga mchana kutwa: viatu, mabegi, taa, vipuri vya pikipiki, vigae vya mji jirani wa Foshan. Picha hizo hutumwa nyumbani kupitia mitandao ya kijamii. Majibu yatakayorudi ndiyo yatakayoamua kama safari ililipa au haikulipa.

Mara nyingi kinachorudi ni kimya. Picha huonekana na mamia ya watu, wachache hubofya alama ya kupenda, na hakuna anayeuliza lolote.

Mfanyabiashara aliyeingia China kwa viza ya siku chache hana muda wa kusubiri. Kiwanda kinataka malipo ya awali. Wakala wa usafirishaji anataka kujua mzigo utakuwa wa mita za ujazo ngapi. Naye mwenye mzigo bado hajui kama wateja wake watataka namba kubwa au ndogo, rangi nyeusi au ya kahawia. Akikisia vibaya, katoni zitakaa stoo mwaka mzima huku mkopo ukidai. Kwa mtu wa namna hiyo, kujua kuandika ujumbe unaojibiwa si mchezo wa vijana wa mjini. Ni ujuzi wa kazi, kama ulivyo ujuzi wa kupanga kontena au wa kumtambua mkalimani mwaminifu.

Wasomaji wengi, wasemaji wachache

Guangzhou ina nafasi yake ya pekee katika habari hii. Kampuni ya Tencent ina makao yake makuu Shenzhen, lakini programu yake ya WeChat, ambayo Wachina huiita Weixin, ilibuniwa Guangzhou na kikosi kilichoongozwa na Zhang Xiaolong, ikatolewa kwa umma Januari 2011. Wakati huo Facebook ilikuwa imekwisha kuzuiwa nchini China tangu Julai 2009. Instagram ilizuiwa Septemba 2014, na WhatsApp mwaka 2017. Hivyo mgeni kutoka Afrika Mashariki huishi katika dunia mbili kwa simu moja: WeChat kwa ajili ya wenye viwanda, na mitandao mingine kwa ajili ya wateja wa nyumbani, ambayo wengi huifikia kwa laini ya simu waliyokuja nayo.

Januari 2021, katika mkutano wa kila mwaka wa WeChat uliofanyika hapo hapo Guangzhou, Zhang alitoa takwimu inayostahili kukumbukwa na kila anayelalamika kwamba hajibiwi. Alisema watu milioni 780 huingia kila siku katika Moments, ule ukurasa wa WeChat ambao watu hubandika picha na habari zao, lakini wanaobandika kitu ni milioni 120 tu. Kwa hesabu hiyo, katika kila watu 13 wanaoingia, 2 ndio wanaosema jambo. Waliobaki 11 wanaangalia na kupita.

Kwa maneno mengine kimya si dharau. Ndiyo hali ya kawaida ya msomaji. Mtu anayeona picha ya kiatu hujibu moyoni mwake: kizuri, au ghali, au si changu. Ili atoke moyoni na kuandika anahitaji vitu viwili, sababu ya kusema na wepesi wa kusema. Matangazo mengi ya biashara humnyima vyote viwili.

Swali ambalo jibu lake liko kwa msomaji

Chukua mfano wa tangazo linaloonekana kila siku: "Mzigo mpya umefika, viatu vya kila aina, karibuni wote." Hakuna kosa la lugha katika maneno hayo. Tatizo ni kwamba yamekamilika. Hayana mahali ambapo msomaji anaweza kushika. Kitu pekee anachoweza kuongeza ni pongezi, na pongezi hutolewa na ndugu na marafiki, ambao kwa kawaida si wanunuzi.

Sasa mfanyabiashara yule yule apige picha ya kiatu kile kile, aandike: "Kiwanda hiki kinaishia namba 41. Wanaweza kunitengenezea 42 na 43, lakini ni lazima nichukue dazeni 10. Wenye maduka Kariakoo na Eastleigh, namba gani huwaishia mapema?" Mwenye duka hahitaji kufikiri sana. Jibu analo, kwa kuwa jana tu amemrudisha mteja mwenye mguu mkubwa. Ataandika "43" na kuendelea na kazi zake. Mwingine atapinga na kusema kwamba kwake 42 ndiyo inayotoka. Wa tatu ataeleza kwamba namba za China huwa ndogo kuliko zilizozoeleka, na kwamba 43 ya kiwanda hicho huenda ikawa 42 ya kweli. Mazungumzo yameanza, na mwenye picha ameokoa fedha kabla ya kulipa hata senti moja.

Ama mfano wa pili, wa taa za mezani: "Plagi ni ya Kichina. Adapta itaongeza gharama kidogo kwa kila pisi. Huko kwenu mteja huikubali taa yenye adapta, au huirudisha?" Hapa msomaji wa Kampala na wa Mombasa, ambao nyumbani kwao soketi ni za pini tatu nene, wote wana kisa cha kueleza.

Katika mifano yote miwili swali lina sifa tatu. Kwanza, jibu lake liko katika maisha ya msomaji, wala hahitaji kulitafuta. Pili, linaweza kujibiwa kwa neno moja au mawili. Tatu, jibu litabadilisha kitu: ama namba za viatu katika oda, ama plagi ya taa. Sifa hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, na pengine ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Watu hutambua upesi swali linaloulizwa kwa ajili ya kuongeza hesabu ya maoni tu, kama mgeni anavyotambua anapokaribishwa chakula na mtu aliyekwisha kuosha vyombo.

Maswali mapana hayafiki mbali. "Mnaonaje?" humwachia msomaji kazi yote. "Mnataka nini kutoka China?" huzaa ama kimya ama orodha isiyo na mwisho, kuanzia sindano hadi trekta. Nayo maswali yanayomvua mtu nguo hadharani, kama vile "Una mtaji wa kiasi gani?", hujibiwa na waongo peke yao.

Kuna njia nyingine ambayo haitumii alama ya kuuliza kabisa. Ni kuonyesha kasoro. Mfanyabiashara anayebandika picha ya begi na kuandika kwamba bei imempendeza lakini mshono wa mpini unamtia shaka, kisha akaisogeza kamera karibu na mshono wenyewe, hatakosa fundi wa kumweleza. Mtu anayeijua kazi hawezi kuuona mshono mbaya akanyamaza. Zaidi ya hapo, anayekiri kasoro siku ya leo husadikiwa kesho atakapousifu mzigo mwingine.

Bidhaa nyingine huzungumza zenyewe kuliko nyingine. Kanga ni mfano. Hakuna mwanamke wa pwani anayetazama rangi ya kanga bila kusoma jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji, na tangu zamani maneno hayo yamekuwa yakitumwa kwa jirani, mke mwenza au mume ili yajibiwe, mara nyingine kwa kanga nyingine. Mfanyabiashara anayeagiza doti za kanga kiwandani akabandika mchoro usio na jina, akaomba wasomaji walitaje, atapata majibu mengi kuliko uwezo wake wa kusoma. Ajihadhari na jambo moja tu: kiwanda cha China huchapa herufi kama zilivyotumwa, na herufi moja ikikosewa hubaki imekosewa katika doti zote.

"Bei njoo inboksi"

Hakuna maneno yaliyoua mazungumzo mengi katika mitandao ya Afrika Mashariki kama haya. Msomaji amependa, ameuliza bei hadharani, naye anajibiwa aje faraghani. Wengi hawaendi. Wanaosoma nyuma yake huona kwamba kuuliza hakuna faida, nao hunyamaza.

Wauzaji wana sababu zao, na si zote za kijanja. Bei ya Guangzhou hutegemea idadi. Thamani ya yuani hupanda na kushuka. Mteja wa rejareja akiona bei ya jumla hugombana na duka la mtaani kwake, ambalo pengine ndilo mteja mkubwa wa muuzaji huyo huyo. Washindani nao wanapita na kusoma.

Hata hivyo kuna njia ya kati, nayo ni kueleza kinachoifanya bei ibadilike. Anayeandika kwamba bei ya kiwandani ni hii kwa pisi 200 na ile kwa pisi 50, kwamba usafiri wa meli haumo, na kwamba hesabu ni ya wiki hii tu, ametoa jibu na papo hapo ameibua maswali matatu ya maana: meli huchukua muda gani, watu wawili wanaweza kuchangia pisi 200, na kwa ndege itakuwaje. Swali la kuchangia, hasa, huwafanya wasomaji wazungumze wao kwa wao badala ya kuzungumza na muuzaji peke yake. Hapo ndipo ukurasa unapogeuka baraza.

Suala la hadhara na faragha lina uzito zaidi ya adabu. Biashara kati ya Guangzhou na Afrika Mashariki ni biashara ya kutuma fedha kwa mtu aliye mbali, mara nyingi bila mkataba ambao mahakama yoyote ingeweza kuutekeleza kwa urahisi. Mwanaanthropolojia Gordon Mathews wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong, ambaye mwaka 2017 alitoa pamoja na wenzake kitabu kuhusu wageni wanaofanya biashara Guangzhou, anaonyesha humo jinsi suala la nani aaminiwe linavyorudi mara kwa mara katika maisha ya watu hao. Kwa mteja aliyeko Mwanza au Kisumu, majibu yaliyo chini ya tangazo ni mashahidi. Anasoma nani alilalamika kwamba mzigo umechelewa, na muuzaji alimjibu vipi. Ukurasa wenye sifa tupu, au ambao sehemu ya maoni imefungwa, humpa mnunuzi mwangalifu sababu ya kuiweka fedha yake mfukoni.

Kwa sababu hiyo lalamiko moja lililojibiwa vizuri, pamoja na tarehe ya meli kuondoka bandari ya Nansha na picha ya katoni zenye alama ya mteja, lina thamani kuliko sifa 20. Kulifuta ni kosa. Aliyeliandika atalibandika kwingine, safari hii pamoja na habari kwamba lilifutwa.

Duara la Marafiki

Kila mtandao una kuta zake, na ujumbe ule ule hupata majibu tofauti kulingana na kuta hizo.

Katika Instagram na katika kurasa za wazi za Facebook, anayejibu huonekana na wote. Katika sehemu ya Status ya WhatsApp, ambayo kwa sura yake ya sasa ilianza mwaka 2017, kila jibu humfikia mwenye ujumbe peke yake, na baada ya saa 24 ujumbe hutoweka. Watu 30 wanaweza kuuliza swali lile lile bila yeyote kati yao kujua kwamba kuna mwenzake aliyeuliza. Mfanyabiashara hujibu mara 30 akachoka, na kila mteja hubaki akidhani kwamba ni yeye pekee anayekitaka kitu hicho.

Moments ya WeChat, iliyoanzishwa mwaka 2012, iko katikati, na huwachanganya wageni wengi. Wachina huiita Duara la Marafiki. Mtu huona maoni yaliyoandikwa chini ya picha endapo tu aliyeyaandika ni rafiki yake pia katika WeChat. Muuzaji wa viatu anaweza kuona maoni 40 chini ya picha yake, huku mteja mmoja akiona 3 na mwingine asione hata moja. Muuzaji anaposhukuru kwa maswali mengi, wengine hujiuliza ni maswali gani hayo.

Wauzaji wa Kichina wamelitatua jambo hili kwa desturi iliyo rahisi. Maswali yakikusanyika, mwenye ujumbe huandika maoni yake mwenyewe chini ya picha yake, bila kumlenga mtu, akitanguliza maneno yenye maana ya "jibu kwa wote": bei ni kiasi fulani, namba zilizobaki ni hizi, mzigo unaondoka Ijumaa. Maoni ya namna hiyo huonekana na kila anayeuona ujumbe. Mgeni aliyeiona desturi hiyo kwa mwenye kiwanda anaweza kuihamishia katika WhatsApp siku hiyo hiyo: akusanye maswali ya Status ya jana, ayajibu yote katika Status ya leo, aseme kwamba yameulizwa na wengi. Wale waliodhani wako peke yao watajua kwamba wana wenzao.

Kuna kizuizi kingine katika WeChat. Mtumiaji anaweza kuamua kwamba watu waone ujumbe wake wa siku tatu za karibuni tu. Mwaka 2019 Zhang alisema zaidi ya watu milioni 100 walikuwa wamechagua hivyo. Kwa mtu binafsi ni stara. Kwa muuzaji ni hasara, kwa sababu mteja mpya hana pa kusoma historia yake.

Tega

Wazee wa Afrika Mashariki hawakuhitaji programu ya simu ili kujua jinsi ya kuwafungua watu midomo. Anayesema "Kitendawili!" hawezi kuendelea mpaka wenzake waseme "Tega!" Wasipokijua, wao ndio humpa mji, nao huendelea kutaja miji mpaka aridhike. Msikilizaji amepewa kazi kabla mchezo haujaanza, na kushindwa kwake pia kuna mahali pake katika mchezo.

Magazeti yaliiendeleza desturi hiyo. Mambo Leo, jarida lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo malenga mmoja aliuliza na wengine wakamjibu kwa vina na mizani ile ile, kutoka miji mbalimbali, majibizano yakiendelea toleo hadi toleo. Msomaji alilisubiri jarida siyo kwa habari pekee, bali pia kuona nani amemjibu nani. Baadaye vipindi vya salamu vya redio vikafanya vivyo hivyo kwa kadi za posta. Ulinganisho huu hauna nia ya kuyaremba matangazo ya viatu. Unaonyesha tu kwamba muuliza swali wa Mambo Leo alikuwa na subira ya mwezi mzima, na wa leo hukata tamaa baada ya dakika 10.

Chambo na bei yake

Kwa kuwa majibu yana thamani, wapo wanaoyavua kwa chambo. "Andika neno Amina chini ya picha hii." "Mtaje rafiki yako mmoja." "Asiyejibu ana roho mbaya." Desemba 2017 Facebook ilitangaza kwamba itazishusha chini habari zinazoomba kura, maoni au kusambazwa kwa njia hiyo, na WeChat nayo ina kanuni dhidi ya viungo vinavyowashawishi watu kusambaza kwa ahadi ya zawadi.

Chambo kilicho kikali zaidi ni hasira. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itaupa kipaumbele mjadala kati ya watu. Nia iliyotajwa ilikuwa njema. Lakini nyaraka za ndani za kampuni hiyo zilizochapishwa na magazeti ya Marekani mwaka 2021 zilionyesha kwamba mpango huo uliyapandisha pia maneno ya uchokozi, kwa kuwa ndiyo yanayojibiwa sana, na kwamba kwa kipindi fulani alama ya hasira ilihesabiwa kuwa na uzito mara tano ya alama ya kupenda. Muuzaji anayebandika habari za kuwagombanisha Watanzania na Wakenya juu ya nani anajua kuvaa atapata maoni 500. Haitakuwa ajabu ikiwa hakuna hata mmoja kati ya hao 500 atakayeulizia bei ya shati.

Aprili 2020

Guangzhou iliwahi kuwa mahali ambapo kujibiwa au kutojibiwa kulikuwa na uzito mkubwa kuliko biashara. Mapema Aprili 2020, katika hofu ya virusi vya corona, Waafrika wengi mjini humo walitolewa katika nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini, na baadhi yao wakalala barabarani. Wengine waliwekwa karantini ingawa walisema hawakuwa wamesafiri. Walichokuwa nacho mkononi kilikuwa simu.

Picha na video zao zilienea kwa siku chache tu, na majibu yakatoka juu. Moussa Faki Mahamat, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, alieleza hadharani kwamba alimwita balozi wa China katika Umoja huo kueleza wasiwasi wake. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing walimwandikia waziri wa mambo ya nje wa China. Serikali ya Kenya nayo ilieleza wasiwasi wake. Mwezi Mei mamlaka za mkoa wa Guangdong zilitangaza hatua dhidi ya ubaguzi katika maduka, hoteli na nyumba za kupanga.

Katika wakati kama huo aina mbili za ujumbe hufanya kazi mbili tofauti. Ule wenye uchungu huwaamsha maelfu, na pasipo hao viongozi wasingeona haja ya kuuliza. Lakini ofisa wa ubalozi anayetaka kusaidia usiku huo huo anahitaji kitu kingine: mtaa gani, saa ngapi, watu wangapi, kuna mtoto au mgonjwa, na nani apigiwe. Ujumbe usio na mahali wala tarehe humlazimisha aulize kwanza, na pengine asijibiwe kwa kuwa simu ya mwandishi imezimika chaji. Ujumbe wenye mahali na tarehe pia ni mgumu kukanushwa kwamba ni wa zamani au wa kwingineko. Namba ya pasipoti na sura za watu, hata hivyo, si vitu vya kubandikwa mbele ya dunia nzima. Hivyo hutumwa faraghani, kwa mtu mmoja anayejulikana.

Saa tano za tofauti

Baada ya yote hayo, ujumbe mzuri unaweza kufa kwa sababu ya saa. Guangzhou iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Saa mbili usiku Dar es Salaam na Nairobi, wakati watu wamekwisha kula na kushika simu, Guangzhou ni saa saba usiku. Maswali humiminika huku mwenye picha akiwa amelala. Akiamka na kuanza kujibu, waulizaji ndio wamelala, na kufikia mchana wao wamekwisha kusahau.

Wenye uzoefu hupanga saa. Picha iliyobandikwa saa nane mchana Guangzhou huwakuta wenye maduka wa Kariakoo saa tatu asubuhi, wakiwa wamefungua na wateja hawajajaa. Iliyobandikwa saa mbili usiku huwafikia saa tisa alasiri, na mwenye picha bado ana saa mbili tatu za kukaa macho na kujibu. Dakika hizo za mwanzo zina thamani ya pekee, kwa kuwa mtu wa kwanza kuuliza akijibiwa upesi, wa pili na wa tatu huona kwamba upande wa pili kuna mtu.

Na kesho yake lipo la kurudi kusema. Mfanyabiashara aliyeuliza kuhusu namba za viatu hubandika picha ya karatasi ya oda, penye dazeni za 42 na 43 zilizoongezwa kwa kalamu, na kuandika kwamba wa Kariakoo walishinda kwa 42. Chini yake mtu wa Eastleigh, ambaye jana hakusema neno, anauliza kama muda wa kuongeza rangi ya kahawia umekwisha pita.